Usiku Ule Mvua Ilinyesha?

Kwenye mahojiano ya kwanza nilisema mvua ilikuwa inanyesha. Kwenye ya pili, miaka mitatu baadaye, nikasema ziwa lilikuwa limetulia na nyota zinaonekana. Afisa akageuza karatasi, akanisomea maneno yangu mwenyewe, akauliza, "Sasa ya kweli ni ipi?" Nikakosa la kusema. Boti niliiona. Madumu ya petroli niliyakalia. Mkono wa mama ulikuwa shingoni mwangu. Lakini mvua? Mpaka leo faili letu liko huko, linangoja.

Nyumbani nikamwuliza mama. "Hapakuwa na mvua," akasema. "Yaya yako ndiye aliteleza akaingia majini tukipanda, akalowa mwili mzima." Yaya, mtoto wake wa kwanza, yeye anaapa kwamba ilinyesha toka Baraka mpaka Kigoma. Watu watatu, boti moja!

Mimi nafundisha biolojia hapa Nyarugusu, basi nikafanya kama walimu wanavyofanya wakishindwa: nikatafuta vya kusoma. Bando iliisha mara mbili.

Mwaka 1984 Francis Crick, yule wa DNA, aliuliza swali ambalo lilininyima usingizi. Ubongo umejengwa kwa protini, na protini hazidumu. Nyingine huvunjwa baada ya saa chache, nyingine siku au wiki, na mwili hutengeneza mpya. Mimi nilivuka ziwa nikiwa na miaka 9. Protini zilizokuwa kichwani mwangu usiku ule, karibu zote zilishakwisha zamani. Basi ni nini kinachoushikilia mkono wa mama hapa shingoni?

Jibu moja limetoka New York mwaka 2024, kwa kundi la Todd Sacktor na André Fenton. Tukijifunza jambo, viunganisho fulani kati ya seli za ubongo huimarishwa, na protini iitwayo PKM-zeta huvifanya vibaki na nguvu. Lakini nayo huchakaa. Tena mwaka 2013 maabara mbili zilionyesha kwamba panya waliozaliwa bila PKM-zeta wanakumbuka vizuri tu, wengi wakaona habari imeishia hapo. (Baadaye ikaonekana panya hao wanatumia protini nyingine, ndugu yake.) Safari hii wamemwonyesha mwenzake: KIBRA. Hiyo hujibandika kwenye viunganisho vilivyotumika, kama alama ya chaki mlangoni, na PKM-zeta mpya ikija inajua pa kukaa. Moja inatoka, nyingine inaingia. Watafiti walipozizuia mbili hizo zisishikane, panya walisahau hata jambo la mwezi mzima nyuma.

Nikaifikiria nyumba yetu. Nyasi za paa tumebadilisha sijui mara ngapi, miti ya paa pia, na ukuta wa jikoni huanguka karibu kila masika. Ya mwanzo sidhani kama imebaki hata tofali moja. Lakini mama akisema "nyumba yetu", nani atambishia?

Ila fundi anayekarabati anaweza pia kuweka dirisha ambapo halikuwepo. Mwaka 2000 Karim Nader na wenzake waliwafundisha panya kuogopa mlio fulani kwa kuwapiga shoti. Kesho yake wakawasikilizisha mlio ule, kisha wakawadunga dawa inayozuia protini mpya kutengenezwa, palepale kwenye sehemu ya ubongo inayoshughulika na woga. Woga ukapungua sana. Waliodungwa bila kukumbushwa waliendelea kuogopa kama kawaida. Maana yake, kukumbuka kwenyewe kunailegeza kumbukumbu, na lazima ifungwe upya.

Na mimi usiku ule nimeusimulia kwa maafisa, kwa padri, kwa wanafunzi, kwa yaya, mara nyingi huku mvua inapiga turubai. Huenda ndipo ilipoingilia.

Sisemi panya wa maabara aje kunitetea. Waongo wapo kambini, na sisi tunawajua kuliko nyinyi wenye faili. Lakini ninyi mnaohoji, mkimwuliza mtu jambo lile lile mara ya nne, jueni mnagusa kitu kibichi. Karatasi yenu haibadiliki. Sisi tunajengwa upya kila siku, na anayekosea rangi ya boti anaweza kuwa ndiye aliyeipanda.

Nikamwambia mama, labda siku moja watapata dawa ya kufuta vitu kama hivi. Alikuwa anachambua maharage. Akakaa kimya kidogo.

"Boti wafute, sawa. Na baba yako? Mara ya mwisho kumwona ni pale mwaloni, anasukuma boti. Wakifuta, yeye atakaa wapi?"

Kisha akaniuliza kama nimenunua kamba za paa.

Tumeitwa tena mwezi ujao. Nitasema boti, madumu, mkono wa mama, na baba ndani ya maji mpaka kiunoni. Wakiniuliza mvua nitawaambia sijui.