Uso Hauna Jazanda

Katika ushairi wa Kiswahili mpenzi hana jinsia mpaka mtunzi apende. Lugha imemtendea hisani: yeye ni yeye, mwandani ni mwandani, na njiwa au lulu aitajwaye kwa jazanda aweza kuwa mke au mume, msomaji asijue, na pengine asitake kujua. Mwalimu mmoja wa Kiswahili, mzaliwa wa Unguja aliyehamia Mutuka, katika mji wa Babati, alilisomesha jambo hilo kwa miaka kama suala la sarufi tu. Hakupata kulifikiri kuwa ni suala la salama ya mtu, hadi usiku alipotazama filamu fupi katika simu yake, sauti ameipunguza, mlango ameutia komeo.

Filamu hiyo, "Athman", ni moja ya tano zinazounda Stories of Our Lives, kazi ya mwaka 2014 ya kikundi cha The Nest cha Nairobi, iliyoongozwa na Jim Chuchu. Wenyewe walianza mwaka 2013 kwa kukusanya masimulizi ya Wakenya wapendao watu wa jinsia yao, ndipo wakayafanya mchezo. Fedha zilikuwa haba, kiasi cha dola 15,000 kwa zote tano, na picha ni nyeusi na nyeupe. Ray na Athman ni vibarua wa shamba, marafiki wa miaka. Anatokea msichana, Fiona. Athman anamchangamkia, Ray anaumia kimya kimya. Kisa ni hicho tu. Lakini Babati ni nchi ya mahindi na mbaazi, na vibarua wawili wakigawana maji kando ya shamba ni watu ambao Mwalimu alikuwa akiwapita kila siku.

Kilichomshika ni uso wa Ray. Maumivu yale yangeingia katika beti sita, vina vikatimia, wala asingetokea wa kuuliza anayeliliwa ni nani. Kamera haina neno "yeye". Haina budi kumwonyesha mtu.

Ndiyo sababu walioitengeneza waliyaficha majina yao mwanzoni, wakajitaja hadharani Toronto, katika tamasha la Septemba 2014. Mwezi uliofuata filamu ikapigwa marufuku Kenya, na mtayarishaji wake, George Gachara, akakamatwa. Februari 2015 ikapata tuzo ya majaji wa Teddy huko Berlin. Rafiki ya Wanuri Kahiu, iliyofika Cannes mwaka 2018, nayo ilizuiwa kwao. Mahakama ikaifungulia siku saba tu. (Jina lenyewe halina kosa. Wala "shoga" halikuwa na kosa vinywani mwa wanawake wa pwani, waitanao hivyo mchana kweupe.)

Mwaka 2015 Mmarekani Sean Baker alitoa Tangerine, kisa cha wanawake wawili waliobadili jinsia mjini Los Angeles, iliyopigwa kwa simu za iPhone. Tangu hapo imesemwa sana kwamba mwenye simu ana filamu. Ni kweli kwa upande wa gharama. Sheria ya Tanzania ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inadai kibali, wala haiulizi kamera ilinunuliwa kwa shilingi ngapi. Na Kanuni ya Adhabu inaanzia miaka 30 kwa tendo lenyewe. Simu, aidha, huibwa, hukaguliwa, huachwa kwa fundi.

Haya yote Mwalimu alimweleza kijana aliyewahi kumsomesha, alipomjia na mswada wa kurasa nne: marafiki wawili, stendi ya basi, mmoja anasafiri. Alitaka asahihishiwe Kiswahili, kisha apige kwa simu. Mwalimu akamshauri aufanye shairi. Kijana akamjibu kwa adabu kwamba mashairi anayo, daftari zima, na kila ayasomapo mbele za watu husifiwa kwa jinsi anavyowapenda wasichana.

Mwalimu alikaa na mswada siku tatu. Alirekebisha upatanisho wa ngeli, akaondoa maneno mawili ya Kiingereza, akapendekeza pembeni kwamba stendi yaweza kupigwa kwa migongo na mikono pekee, bila nyuso. Kijana alikubali yote isipokuwa hilo la mwisho. Angali akitafuta wa kuigiza.