Kuuza Gari Nuruni

Mtu anayeuza gari lake Bukoba hana haja ya kulipia tangazo. Anaandika "INAUZWA" na namba ya simu kwenye karatasi, anaibandika kwenye kioo cha nyuma, kisha anaendelea na safari zake. Fundi wa gereji anawaambia wateja wake, wanajumuiya wanatumiana picha kwa WhatsApp, na aliyeomba mkopo SACCOS anaelekezwa kwa mwenye gari. Habari inashuka Kemondo, inapita Muhutwe na kufika Muleba, kilomita 70 hivi, kabla gari lenyewe halijatoka mjini.

Lakini njia hii ya bure ina sharti lake. Anayelipia tangazo anaweza kumuuzia mtu asiyemjua, wasionane tena. Sisi tunaouziana kwa kujuana tunauza pamoja na majina yetu. Mnunuzi haulizi kwanza gari ni la mwaka gani. Anauliza, "Ni la nani?" Tulipouza gari letu niliona kwamba swali hilo linaigusa imani pia.

Lilikuwa Toyota Noah, namba C, tulilolitumia miaka saba. Injini ilikuwa nzima, bodi haijagongwa, matairi mawili mapya. Ila gia boksi ilikuwa na tatizo. Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri, lakini likipanda kilima kirefu na mzigo lilichelewa kushika gia. Ukiliendesha dakika kumi pale mjini husikii kitu. Ukipanda kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu, unasikia.

Fedha tulizihitaji sana. Binti yetu alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi, na ada pamoja na hosteli vilitakiwa kabla chuo hakijafunguliwa. Dalali mmoja akaja nyumbani, akalizunguka gari, akasema, "Mzee, gari ni zuri hili. Mambo ya gia usiyaseme. Mteja alijaribu hapa hapa mjini. Na kilomita zinarudishwa, kuna kijana anaifanya kazi hiyo." Akataja bei ambayo ingemaliza ada yote na kubakiza. Alinieleza kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Nikamshukuru, nikamwambia nitaliuza mwenyewe.

Usiku mke wangu nami tulilizungumza jambo hilo. Wazazi wetu waliguswa na Uamsho, ule ulioenea kutoka Rwanda na Uganda tangu miaka ya 1930 ukafika kwetu Buhaya. Walokole walikuwa na neno lao: kutembea nuruni. Halikuwa neno la ibadani tu. Aliyekuwa amechukua kitu cha mtu alikirudisha, na aliyemdanganya jirani alikwenda kwake akamwambia. Mke wangu akasema, "Wao walirudisha walichokwisha kukichukua. Sisi bado tuna nafasi ya kutochukua."

Asubuhi niliandika karatasi ya pili, nikaiweka ndani ya gari. Niliorodhesha vilivyobadilishwa, kisha nikaandika: gia boksi inachelewa mlimani, njoo na fundi wako. Mteja wa kwanza aliisoma, akashukuru, akaondoka. Wa pili aliitumia kushusha bei mpaka ikawa kama nampa zawadi. Mithali 20:14 inamtaja mnunuzi wa namna hiyo, anayekiponda kitu mbele ya mwenyewe halafu akienda zake anajisifu. Wiki tatu zikapita. Tarehe ya chuo ikasogea, na siku zile sala zangu zilikuwa fupi.

Wa tatu alikuwa mwalimu wa kike kutoka Kamachumu, aliyeelekezwa na mzee wa kanisa. Alikuja na fundi wake. Niliwaomba tusilijaribu gari mjini, twende Muhutwe tukapande. Gari likafanya vile vile lilivyoandikiwa. Fundi akakadiria gharama ya gia boksi nyingine pamoja na kazi yake, tukaitoa kwenye bei.

Tulipofika juu mwalimu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Waitu mzee, fedha hii ni mkopo wa SACCOS. Nitakatwa mshahara miaka mitatu. Ningelijua hili baada ya kulipa, ningemlilia nani?"

Maneno hayo sijayasahau. Ile bei ya dalali, ambayo mimi niliiona kama ada ya binti yangu, sehemu yake ingetoka kwenye mshahara wa mwalimu huyu, mwezi hadi mwezi, na mwenyewe asijue kwa nini.

Mwanzo 23 inaeleza jinsi Ibrahimu alivyonunua mahali pa kumzika Sara. Alikuwa na msiba, alikuwa mgeni, na Efroni alisema angempa bure. Hata hivyo mapatano yalifanyika langoni mwa mji, watu wakisikia. Shekeli 400 za fedha zikapimwa, na shamba, pango na miti iliyokuwamo vikatajwa. Nasi tulifanya hivyo kwa namna ya siku hizi. Tuliandikiana mkataba kwa wakili, kila upande na shahidi wake. Tulilinganisha namba ya chesesi na kadi ya gari. Tuliangalia kwa namba ya gari kama kuna faini ya barabarani inayodaiwa. Fedha zilipita benki, na wiki ile ile tukashughulikia kuhamisha umiliki TRA, kwa sababu gari lisilohamishwa huendelea kusoma jina la muuzaji hata likifanya makosa mikononi mwa mwingine. Wapo waumini wanaoona aibu kudaiana karatasi na ndugu wa usharika mmoja. Karatasi hizo zinawalinda wote wawili, na zinaulinda ushirika wao siku kumbukumbu zitakapotofautiana.

Fedha tulizopata hazikutosha. Tulilipa ada, tukaomba muda wa hosteli, tukaimaliza kwa awamu mbili huku tukijibana nyumbani. Sisemi kwamba Mungu alitufidia ile tofauti kwa njia nyingine. Hatukuipata. Binti yetu anasoma, na mwalimu ninapokutana naye kwenye mikutano ya Injili tunasalimiana bila mmoja wetu kuangalia pembeni.

Kanisani ndoa hutangazwa mara tatu, ili mwenye kujua kizuizi akiseme mapema. Mpendwa msomaji, ukiwa na gari, ng'ombe au kiwanja cha kuuza, jitangazie hivyo hivyo mwenyewe kabla ya kumwita mnunuzi. Kama kipo kizuizi unachokijua wewe peke yako, mwambie kabla hajahesabu fedha zake.