Bastola Nyeusi Usiku wa Idi

Wasomaji wa kurasa hizi za familia watatuwia radhi kwa kuwaletea habari za nyumbani kwetu. Huu ni mwaka wa sita tumeshika ukatibu wa kamati ya msikiti hapa Fukayosi, na kazi ya katibu ni kuandika yaliyotendwa na wengine. Safari hii yaliyotendwa ni yetu.

Siku nne kabla ya Idi el-Fitri tulikwenda Dar es Salaam kununua mikeka ya msikiti. Tulipokuwa Kariakoo tukamnunulia mwanetu wa miaka tisa zawadi aliyoiomba tangu mwanzo wa Ramadhani: bastola ya kuchezea. Ilikuwa nyeusi tii, nzito ya kuujaza mkono, na mdomoni ilikuwa na pete ndogo ya plastiki ya rangi ya chungwa. Muuzaji alikuwa nazo katoni nzima. Hatukuuliza pete ile ni ya nini. Tulidhani ni pambo.

Asubuhi ya Idi tulimkuta mwanetu amekaa kizingitini akiipaka pete ile dawa yetu ya viatu. Akasema bunduki ya kweli haina rangi ya chungwa. Tulicheka, tukamwambia asiimalize dawa. Tukilikumbuka jibu letu hilo, hadi leo linatutoa jasho.

Usiku ule, baada ya Isha, kijana mmoja wa bodaboda alikuwa akirudi kutoka upande wa Msata baada ya kumshusha abiria. Alipopunguza mwendo penye njia ya kuingilia msikitini, watoto wawili, mwanetu na binamu yake, walichomoza nyuma ya mwembe. Mmoja akanyoosha mkono. Taa ya pikipiki ikaipiga bastola, ikang'aa nyeusi mwanzo hadi mwisho. Kijana yule alijirusha, pikipiki ikamlalia mguu, na mfupa wa mtulinga ukavunjika. Akapiga ukelele kwamba majambazi wana bastola.

Aliyekaa Mkoa wa Pwani hahitaji kuelezwa ukelele wa namna hiyo unaamsha nini. Kibiti, Rufiji na Mkuranga ziko mbali nasi, kusini ya Dar es Salaam, lakini ni mkoa mmoja. Mwaka 2017 huko waliuawa viongozi wa vijiji na askari. Mwezi Aprili pekee askari polisi 8 waliuawa katika shambulio moja, na ikafika mahali pikipiki zikapigwa marufuku kutembea usiku. Hofu ile haikuishia katika mipaka ya wilaya zile. Kwa hiyo watu walitoka na mapanga na marungu, na mzee mmoja akatoka na gobole lake la kufukuzia nguruwe shambani.

Watoto, kwa kuona watu na mapanga, walikimbilia mahali wanapopajua: msikitini, kwenye birika la kutawadhia. Nyuma yao sauti zikasema majambazi wameingia msikitini. Muadhini wetu alikuwa akifunga madirisha. Alisimama mlangoni akanyoosha mikono yote miwili, akawaambia waliokuja, "Subirini. Mimi nimeona kanzu mbili fupi." Akaingia peke yake, akatoka amewashika mikono watoto wawili waliolowa maji hadi kifuani.

Sisi tulifika mbio wakati huo. Mzee mwenye gobole alikuwa amekaa chini mchangani, silaha ameiweka kando. Alitutazama kitambo, kisha akasema, "Katibu, nilikuwa nimeshaielekeza." Hakuongeza neno, nasi hatukuwa na la kumjibu.

Kijana wa bodaboda tulimpeleka hospitali usiku ule ule. Gharama za matibabu zilikuwa zetu bila mjadala, na kwa kuwa pikipiki yake ni ya mkataba, hesabu ya kila siku kwa mwenye pikipiki nayo tuliilipa kwa wiki tano. Tulipokwenda kumwomba msamaha alitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Akasema, "Ustadh, mimi sikumwona mtoto. Niliona mdomo wa bunduki tu."

Tuliporudi nyumbani tuliifuta bastola ile kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Dawa ya viatu ikatoka, na rangi ya chungwa ikajitokeza. Hapo ndipo tulipoanza kutafuta maana yake.

Pete ile ni sheria ya nchi nyingine. Mwaka 1987 huko California mtu mmoja aliingia studio ya televisheni akamwelekezea bastola mtangazaji David Horowitz akiwa hewani, na baadaye ikajulikana kwamba bastola haikuwa ya kweli. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likatunga sheria, ikaanza kazi Mei 1989: bunduki ya kuchezea haiuzwi wala haiingizwi nchini humo ila iwe na alama. Ama iwe na kizibo cha rangi ya chungwa kali mdomoni, au rangi hiyo iuzunguke mtutu kwa milimita 6 na zaidi kuanzia mdomoni, au iwe ya plastiki inayoonyesha ndani, au mwili wote uwe wa rangi inayong'aa kama nyekundu, njano, kijani au buluu. Bidhaa hizi husafiri dunia nzima, na alama husafiri nazo. Kariakoo tuliuziwa alama. Sababu yake ilibaki ng'ambo.

Lakini milimita 6 ni kitu chembamba sana cha kuning'iniza uhai wa mtoto. Novemba 2014, katika mji wa Cleveland, mtoto mweusi wa miaka 12, Tamir Rice, alikuwa akichezea bastola bandia bustanini. Kichwa chake cha rangi ya chungwa kilikuwa kimeondolewa. Mtu aliyewapigia simu polisi alisema huenda silaha ile si ya kweli. Maneno hayo hayakufikishwa kwa askari waliotumwa. Mtoto alipigwa risasi katika muda wa sekunde mbili tu tangu gari lao kufika, akafariki siku iliyofuata. Sisi tuliisoma habari hiyo usiku, mwanetu amelala chumba cha pili, tukaenda kumtazama mara mbili.

Waingereza wamekwenda mbali zaidi. Kwa sheria yao ya mwaka 2006, iliyoanza kutumika kwa vitu hivi Oktoba 2007, bunduki bandia inayofanana na ya kweli haiuzwi madukani kwa watu wa kawaida wala haiingizwi nchini. Ya mtoto yatakiwa iwe ya rangi kali mwilini, au inayoonyesha ndani, au iwe ndogo mno. Kwa maoni yetu hii ndiyo njia ya akili. Kopo moja la dawa ya viatu haliwezi kuifunika bunduki nzima ya kijani.

Kwetu, Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lilianza Februari 2012 utaratibu wa bidhaa kukaguliwa huko zinakotoka kabla ya kupakiwa, na vitu vya kuchezea watoto vimo katika bidhaa zinazohusika. Ni jambo jema, na mzazi ana haki ya kumwuliza muuzaji habari za ukaguzi huo. Ila mkaguzi wa bandari hayupo kizingitini mtoto anapofungua kopo la dawa. Pale tulikuwapo sisi.

Chuoni tulisoma hadithi sahihi ya Mtume (S.A.W) inayomtaka anayepita msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye vyembe vyake asije akamjeruhi Mwislamu. Tulisoma pia makemeo makali kwa anayemwelekezea ndugu yake chuma, hata akiwa ni ndugu wa baba na mama mmoja. Tulizifundisha hadithi hizi madrasa miaka yote kama habari za kale, kwani nani leo hubeba mishale sokoni? Na ikumbukwe kuwa Mtume hakumkataza Bibi Aisha wanasesere wake, kwa hiyo hatukusudii kuwanyima watoto michezo.

Kamati ilikutana Ijumaa iliyofuata. Mjumbe mmoja, ambaye ni mfanyabiashara, alisema wazi kuwa za rangi hazinunuliwi. Mtoto anataka nyeusi. Mzee mwenye gobole akasema wao walichonga bunduki za makuti ya mgomba na hakuna aliyewahi kuzikimbia. Tulibishana hadi karibu na Magharibi. Iliamuliwa maduka yote ya hapa yaandikiwe barua kabla ya Idi el-Adh'ha: zisiuzwe ila za rangi kali mwili mzima, na katoni alizobaki nazo mjumbe wetu azirudishe Kariakoo, nusu ya hasara tumchangie. Barua tumeziandika kwa mkono wetu.

Bastola yenyewe imo ndani ya kabati la kamati, chini ya daftari la mapato. Juzi mwanetu alituuliza, kama ataipaka yote rangi ya njano, je, atarudishiwa? Tulimwambia akamwulize kwanza kijana wa bodaboda. Amekwenda mara mbili hadi kijiweni, na mara zote mbili amerudi bila kusema naye.