Sehemu ya 14: Bibi anamwita Minza

Niliahidi leo tungeongelea homa ya watoto usiku. Itakuja. Naomba kwanza niandike jambo la nyumbani kwangu, maana limenikaa kifuani tangu mwezi wa 6.

Mlionifuata tangu mwanzo mnakumbuka mama yangu alipata kiharusi. Mdomo ulienda upande, mkono wa kulia ukakosa nguvu, maneno yakavurugika. Narudia kwa wageni: ukiona hata dalili moja tu kati ya hizo, usisubiri kukuche, usimsugue mafuta, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Mama alikuwa na presha anayoijua, na vidonge alivyokuwa anameza akikumbuka. Na mwanaye ni nesi. Haya, tuyaache.

Alipata nafuu, ila upande wa kulia ukabaki mzito, nikamleta kwangu hapa Bariadi. Maneno yakaanza kurudi, moja moja, lakini yaliyorudi yalikuwa ya Kisukuma peke yake. Kiswahili chake, kile alichouzia dagaa sokoni miaka yote, kikawa kama kimefungiwa stoo na ufunguo umepotea. Inatokea. Mtu anayejua lugha mbili akiumia ubongo, lugha moja inaweza kurudi kabla ya nyingine. Kwa mama ikarudi ile aliyonyonya nayo.

Sasa wanangu hawajui Kisukuma. Baba yao ni mtu wa Tanga, nyumbani tunaongea Kiswahili. Huo ndio utetezi wangu wa siku zote. Ukweli wenyewe ni kwamba mimi sikutaka. Shule niliyosoma, ukikamatwa unaongea kilugha unavalishwa kibao shingoni mpaka umkamate mwenzako umhamishie. Nilikivaa mara nyingi. Nikakua nikajiambia wanangu hawatapitia hayo, watazaliwa na Kiswahili safi, basi.

Asubuhi moja natoka zamu ya usiku, hata viatu sijavua, binti yangu wa miaka 8 ananikimbilia mlangoni. "Mama, bibi anamwita Minza. Nimemwambia hapa hakuna Minza, amekasirika, sasa analia."

Minza ni jina la kike, kwetu wamejaa. Lakini bibi alikuwa hamwiti mtu. Alikuwa anasema minzi. Maji. Alikuwa na kiu tangu alfajiri, na jagi lilikuwa mezani, hatua tatu kutoka kitandani kwake.

Nilimnywesha, nikaingia bafuni, nikafungua bomba ili watoto wasisikie.

Kilichoniliza hakikuwa mama peke yake. Kuna mgonjwa mmoja nilimkumbuka. Miaka kadhaa nyuma, sehemu nyingine nilikokuwa nafanya kazi, alikuja mama wa kijijini kujifungua, mimba ya kwanza, uchungu umemzidi, anaongea Kisukuma mfululizo. Nikamwambia, "Ongea Kiswahili, sikuelewi." Jamani, nilikuwa namwelewa. Neno kwa neno. Wodi ilikuwa imejaa, nimechoka, na niliona aibu kumjibu kwa kilugha mbele ya wenzangu. Alinyamaza. Alijifungua salama, lakini alinyamaza mpaka mwisho.

Basi ikafika mwezi wa 6, redio ikawa inatangaza ngoma za Bujora. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, akainua mkono wa kushoto akasema "Bulabo". Mara ya kwanza nikapuuza. Akarudia jioni. Akarudia kesho yake.

Kwa msiojua: Bujora iko Kisesa, kabla hujaingia Mwanza mjini. Pale ndipo yalipo Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa na padre Mkanada, David Clement, aliyefika kwenye kilima kile miaka ya 1950. Bulabo maana yake ni maua. Ilianzia kwenye sikukuu ya Ekaristi, watu wakiandamana na maua, halafu zikaingia mbina, mashindano ya ngoma ya siku kadhaa. Mama alikuwa akienda kila mwaka usichana wake wote. Mimi, mtoto wake, nilikuwa sijawahi kufika.

Kaka yangu aliniambia nimechanganyikiwa, mgonjwa wa kiharusi unampeleka kwenye vumbi na jua! Sikumlaumu. Nilimpima mama presha siku tatu mfululizo kwanza. Nikabeba vidonge vyake, pampasi za watu wazima, mito miwili ya kumgeuzia njiani asichubuke, maji, uji mzito kwenye chupa (mwepesi unampalia), na mwavuli mkubwa. Tukakodi Noah. Bariadi, Lamadi, ziwa likatokea mkono wa kulia, Magu, Kisesa. Tulisimama kila baada ya saa moja kumnyoosha. Dereva alichukia, baadaye akazoea.

Tulifika saa 10 jioni, jua limeanza kupoa. Tukaanzia ndani ya makumbusho, maana uwanjani watu walikuwa wengi mno. Kuna kanisa la duara, kuna banda lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, kuna nyumba ya Kisukuma ya zamani ambayo binti yangu aliizunguka mara mbili akitafuta dirisha. Halafu kuna ngoma za watemi. Nilidhani nitakuta ngoma mbili tatu kwenye kona. Ni nyingi, kubwa kwa ndogo, nyingine ngozi imekauka na kupasuka. Kijana aliyetutembeza akaeleza kwamba ngoma ndiyo ilikuwa alama ya utawala wa mtemi, na kwamba serikali ilipoufuta utemi mwaka 1963, nyingi zilibaki hazina wa kuzipiga. Binti yangu akauliza, "Kwa hiyo zimenyamaza tangu 1963?" Kijana akacheka. Mimi sikucheka.

Nje kulikuwa kumechangamka. Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, na jadi inasema vilianzia kwa waganga wawili waliokuwa wanashindana, Ngika na Gumha. Mashindano yake matamu. Vikundi viwili vinacheza wakati mmoja, huku na huku, na anayevuta watu wengi zaidi ndiye mshindi. Kwa hiyo umati wenyewe unakimbia, ukisikia kelele upande wa pili unahama, ukifika huko unasikia ulikotoka kumekuwa kuzuri zaidi. Na mimi nasukuma kiti cha magurudumu kwenye vumbi! Mwanangu wa miaka 4 aliona mtu wa kundi la Bayeye amejizungushia chatu, akapanda mgongoni kwangu hakushuka tena mpaka giza. Bugobogobo waliipenda wote wawili, vijana wanarusha majembe juu na kuyadaka kwa mdundo. Ile ilikuwa ngoma ya kulimia, na sisi watu wa pamba tunajua shamba linavyokwenda haraka kukiwa na wimbo.

Mama alikuwa anatazama tu. Uso hauna kitu. Nikaanza kuona kaka alikuwa sahihi, nimemtesa bure.

Jua linazama, pembeni kidogo, wakakaa watu wa wigashe. Wigashe ni ngoma ya kukaa, na jina lake ndivyo linavyosema. Wachezaji wamekaa kwenye vigoda kwa mstari, wanaimba, na kucheza kwao ni mabega, shingo na mikono. Hakuna anayesimama. Nikamsogeza mama mpaka mwisho wa mstari, sikuwa na maana yoyote, pale palikuwa na nafasi tu.

Kiongozi akaimba, wakamwitikia. Akaimba tena, na mama yangu akaitikia.

Si neno moja, mstari mzima! Mama ambaye sentensi yake ndefu tangu augue ilikuwa na maneno matatu. Kitaalamu ninajua: kuimba hakupiti njia ile ile ya kuongea kwenye ubongo, ndiyo maana wagonjwa wengi waliopoteza maneno bado wanaweza kuimba nyimbo za zamani. Nilisoma chuoni, nikajibu mtihani, nikapasi. Kuona ni kitu kingine. Bega la kushoto likaanza kwenda na wenzake. La kulia halikwenda. Mama mmoja wa makamo aliyekaa kigoda cha jirani, mgeni kabisa kwetu, akaushika ule mkono wa kulia akawa anaucheza yeye, bila hata kutuangalia.

Binti yangu akanivuta kitenge. "Mama, bibi anasema nini?"

Hapo ndipo nilipokwama. Nilielewa nusu. Maneno mengine ni ya zamani, sikuwahi kuyajua. Nikamwuliza bibi mmoja wa Maswa aliyesimama nyuma yangu, akanitazama juu mpaka chini. "Wewe si Msukuma?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Aa," akamwinamia mwanangu akamfasiria yeye, mimi nikasikiliza kwa pembeni.

Tulilala nyumba ya wageni Kisesa. Presha ya mama usiku ule ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Mkiniuliza kama amepona, hapana. Mkono bado, Kiswahili kimerudi maneno machache. Ila binti yangu amebandika karatasi nyuma ya mlango wa chumba cha bibi, maneno anaandika mwenyewe, bibi anayasema na mimi nakagua ninapoweza. Jana yalikuwa 31. La kwanza ni minzi. Kuna mwangaluka, kuna mwadila, kuna wabeja, kuna mawili ambayo nimegundua ni matusi na sijui niyafute vipi bila kueleza. Na kazini, mama akija anaongea Kisukuma, namjibu Kisukuma. Wiki hii wamezaliwa mapacha, bibi yao ananitajia majina, Kulwa na Doto, na mimi nikamwuliza kwa kilugha kama wa tatu atakuwa Shija. Mzazi mwenyewe kutoka kitandani akasema hakuna wa tatu, nesi, nipe hizo sindano za uzazi wa mpango.

Mdogo mtu bado anaita maji Minza. Kila akisema, bibi anacheka kwa ule upande mmoja wa mdomo, kwa hiyo tumekubaliana asirekebishwe.

Homa ya watoto ni Jumapili, safari hii kweli.