Mkono Hupenda Njia ya Jana

Weka kikombe mezani, mdomo wake uwe chini. Sasa kichukue kama unayetaka kukitilia maji. Tazama mkono wako. Watu wengi huugeuza kwanza, dole gumba likaelekea chini. Wanashika kwa taabu mwanzoni ili washike vizuri mwishoni. Mkono umepanga kazi kabla ya kuianza.

Lakini mkono haupendi kupanga upya kila mara. Kazi ikirudiwa, hutumia mpango ule ule. Mtazame mama anayepanda mahindi. Anachimba, anatia mbegu, anafukia kwa mguu, anasogea. Huku anazungumza na jirani, wala hakosei.

Mwaka 2007 wataalamu wawili wa Marekani, Steven Jax na David Rosenbaum, walieleza jambo hili. Mtu akizoea kuzungusha mkono ili kukwepa kizuizi, kizuizi kikiondolewa mkono bado hupinda.

Huko shambani ndiko hasara inakoingia. Tuseme tumekubaliana kupanda kwa nafasi ya sentimeta 75 kati ya mistari, na sentimeta 60 kati ya mashimo, mbegu mbili kila shimo. Ekari moja itakuwa na mimea karibu 18,000. Mkulima anaanza vizuri. Mstari wa tatu, hatua yake ya zamani inarudi, sentimeta 90. Akiendelea hivyo, ekari ile itakuwa na mimea karibu 12,000 tu. Mimea 6,000 imepotea, na palizi ni ile ile!

Baadhi ya mabwana shamba wenzangu huuita huo ukaidi. Mimi sikubali. Mkulima huyo amekwisha kubali kwa moyo. Miguu yake ndiyo bado.

Kwa hiyo, chukua kamba ya katani. Funga vitambaa kila sentimeta 60. Watoto wawili washike ncha, wewe chimba penye kitambaa. Usiiache kamba kwa sababu mistari michache imenyooka. Ukirudi kutoka kula mchana, anza tena kwa kamba, maana hapo ndipo hatua ya zamani hurudi upesi. Ukitaka kujipima, chimba mashimo kumi bila kamba, kisha inyooshe juu yake. Mashimo yakikutana na vitambaa, waache watoto wakacheze.