Paka Naye ni Msafiri: Nairobi hadi Pwani bila Kumpoteza

Shule zinapofungwa mwezi wa Desemba, barabara ya Nairobi kwenda Mombasa hujaa familia zinazoteremka pwani. Mizigo hufungwa, funguo huachiwa jirani, na kuku, kama wapo, hutafutiwa mtu wa kuwalisha. Anayekumbukwa mwisho aghalabu ni paka. Kuna wanaomtia katika katoni dakika ya mwisho, wakaitoboa vitundu viwili vitatu kwa kisu na kuisukuma kwenye buti la gari. Wengine humfungia nje wakitumaini atajitafutia panya. Njia zote mbili ni mbaya.

Ndugu msomaji, paka si mbwa. Mbwa humfuata mwenyewe, na popote bwana wake alipo ndipo kwao. Paka naye ameizoea nyumba: pembe zake, harufu zake, na dirisha analootea jua. Ukimtoa humo kwa ghafla, umemnyang'anya karibu kila kitu anachokijua. Kwa hivyo siri ya kusafiri naye ni moja tu: umbebee kipande cha nyumba yake.

Je, ni lazima aende?

Kama mnakwenda kwa siku tatu nne, heri abaki, na jirani mwaminifu awe akija asubuhi na jioni kumpa chakula na maji na kumbadilishia mchanga. Lakini familia inayohamia Mombasa, au itakayokaa huko mwezi mzima, haina budi kumchukua.

Matayarisho yaanze angalau mwezi mmoja kabla. Mpeleke kwa daktari wa mifugo achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Jina la ugonjwa huo lisikudanganye: huwapata paka pia, na paka mgonjwa akimwuma mtoto, mtoto naye yumo hatarini. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, ni nadra mno mtu kupona. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na kichaa kinachoenezwa na mbwa ifikapo mwaka wa 2030. Kinga ni bora kuliko tiba, na cheti cha chanjo kisafiri pamoja na vitambulisho vyenu.

Kisha tafuta kikapu kigumu chenye mfuniko unaofungika na matundu ya hewa, au kizimba cha plastiki cha kubebea wanyama. Kiweke sebuleni kikiwa wazi kwa siku nyingi. Ndani yake tandika leso kuukuu ya mama ambayo haijafuliwa. Baada ya muda paka ataingia mwenyewe na kulala humo. Siku ya safari hatakiona kuwa ni jela.

Kuteremka kwenye joto

Nairobi iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari. Katika safari ya kilomita 480 hivi utateremka hadi ufuoni, na hewa huzidi kuwa nzito kadiri unavyopita Emali, Makindu na Kibwezi. Kwa hivyo ondokeni alfajiri. Mnyime paka chakula kwa saa nne au tano kabla ya kuanza safari ili asitapike, lakini maji asinyimwe.

Kikapu kikae kwenye kiti cha nyuma, kimefungwa kwa mkanda, wala si juani. Paka asipakatwe. Akishtuka anaweza kurukia miguuni mwa dereva, na hapo mko hatarini nyote.

Anayekwenda kwa basi, au kwa treni ya reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, na aulize kabla ya kukata tiketi kama wanyama wanakubaliwa. Kubishana na kondakta mlangoni huku paka akilia hakumfaidi mtu.

Tahadhari kubwa ni Mtito Andei, karibu nusu ya safari, ambapo wengi husimama kunywa chai. Nimesimuliwa kisa cha familia moja ya Nairobi iliyofungua kikapu hapo ili paka anyooshe miguu. Lori likapiga honi. Paka akachomoka, akapita chini ya magari mawili na kutokomea vichakani. Watoto walimwita hadi giza likaingia, na mwishowe baba akawasha gari. Mji huo umepakana na mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Paka aliyelelewa kwa maziwa na samaki wa kukaanga hana maarifa ya kuishi huko.

Basi sheria ni hii: milango na madirisha yafungwe kwanza, kikapu kifunguliwe baadaye. Karai dogo la mchanga liwekwe ndani ya gari, anywe maji, kisha arudishwe kikapuni kabla ya mtu yeyote kushuka. Wala asiachwe peke yake ndani ya gari lililofungwa juani, hata kwa dakika chache. Ukimwona anahema kinywa wazi, anadondoka mate na kulegea, joto limemzidi. Mpeleke kivulini, mloweshe manyoya na nyayo kwa maji ya baridi kiasi, na umtafute daktari. Usimpe dawa za maumivu za binadamu. Parasetamoli humwua paka.

Kufika

Kama mnavuka kivuko cha Likoni, funikeni kikapu kwa leso nyepesi inayopitisha hewa. Umati na king'ora cha feri humtisha mnyama asiyeyajua.

Mkifika, mtengeeni chumba kimoja chenye mchanga wake, maji yake na ile leso yake. Anaweza kujificha uvunguni siku nzima, nanyi msimvute. Wanaokuja likizo wasimtoe nje kabisa. Waliohamia wangoje wiki mbili au tatu, hadi nyumba mpya inuke harufu ya kwao.

Ukitembea Mji wa Kale utawaona paka wengi wakijinyoosha barazani na kuwangoja wavuvi. Wenyeji huwatupia vichwa vya samaki bila kinyongo. Waislamu hukumbuka kuwa sahaba mmoja wa Mtume aliitwa Abu Huraira kwa sababu ya kumpenda paka wake. Lakini paka hao wana mitaa yao na mipaka yao, na mgeni kutoka bara hupokewa kwa makucha. Majeraha hayo huambukiza maradhi.

Wazazi, wapeni watoto kazi ya kukilinda kikapu kwa zamu. Watajifunza kwamba kumfuga mnyama ni kumwajibikia hata mnapokuwa mbali na nyumbani. Safari njema kwenu nyote, na kwa yule wa miguu minne pia.