Laki Tano, Kuoga kwa Ndoo!

Msomaji wangu, yupo mtu anayejua mambo ya hoteli kuliko mameneja wengi. Mtu huyo ni mama yangu mzazi. Alifua na kupiga pasi mashuka ya hoteli moja pale Moshi kwa miaka 22, lakini hakuwahi kulala hata usiku mmoja kitandani kwa wageni. Siku alipostaafu nikamwahidi: "Mama, ipo siku na wewe utalala hotelini, wengine watandike."

Julai iliyopita nikatimiza. Nikachagua hoteli ya Arusha, kilometa kama 80 tu kutoka Moshi, mojawapo ya zile zenye jina moja na matawi kila pembe ya dunia. Bei? Shilingi 420,000 kwa usiku mmoja. Nikajikaza kisabuni. Kufika mapokezi naambiwa hiyo ni kabla ya kodi na huduma! Jumla ikaruka laki tano. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bei za humu nchini kutajwa kwa dola. Sawa, siku hizi tunaumizwa kwa shilingi.

Mama akanivuta shati: "Baba, hiyo ni ya mwezi?"

Chumba ghorofa ya tatu, lifti imebandikwa karatasi: mbovu. Mama na magoti yake akapanda ngazi akipumzika kila kona. Na Arusha ya Julai unaijua, mji uko miguuni pa Mlima Meru, mita kama 1,400 kutoka usawa wa bahari, baridi yake haina adabu. Nafungua bomba la maji moto, yanatoka ya barafu. Napiga simu mapokezi: "Fundi anakuja." Saa mbili, saa tatu, saa nne usiku, fundi yuko njiani tu!

Mama wala hakulalamika. Alifunua blanketi, akapitisha kiganja juu ya shuka. "Hili halikupigwa pasi," akasema. "Na hili doa ni la chai, limefuliwa bila kulowekwa."

Aliyetuokoa ni binti wa usafi. Aligonga mlango, "Shikamoo mama," akaingia na ndoo ya maji ya moto aliyoomba jikoni. Mama akamuuliza anafanya vyumba vingapi kwa siku. Kumi na nane! "Enzi zetu wenzangu walikuwa na kumi, na tulisema tunauawa," mama akasema. Akaoga kwa ndoo, kama nyumbani.

Baadaye nikaulizauliza kwa wanaoijua biashara hii. Kumbe hoteli nyingi za jina kubwa, jengo si la mwenye jina! Tajiri wa pale pale anajenga, halafu anakodi jina na kulipia sehemu ya mapato. Halali kabisa, ila jina halichemshi maji. Tena Arusha ndiyo mlango wa Serengeti na Ngorongoro, wageni wengi wanaletwa na kampuni za utalii, zinazochukua vyumba kwa wingi na kupunguziwa. Ile bei ndefu anabaki nayo nani? Mimi na wewe tunaoingia na begi mkononi.

Basi ukienda, kabla hujatoa pesa uliza bei pamoja na kodi, omba kuona chumba, fungua bomba mwenyewe. Usione haya, pesa ni yako.

Asubuhi nilimkuta mama ametandika kitanda, pembe zimekunjwa kama bahasha. Nikamwambia, "Mama, si nilisema watandike wengine?"

"Yule binti ana vyumba kumi na nane," akajibu. "Hiki nimempunguzia."

Kwenye ngazi akasimama, akacheka peke yake. "Miaka yote ile nilidhani wageni wanalala peponi, mimi niko nje. Kumbe pepo yenyewe ilikuwa mashuka yangu!"